Shindano la zawadi kwa meseji linapokuwa bahati nasibu

Meseji yenyewe wengi tunaijua. Inaingia bila kuitwa, inakupongeza kwa kuchaguliwa kuwania gari au fedha taslimu, kisha inauliza: mji mkuu wa Kenya ni (A) Nairobi au (B) Kisumu? Ukituma herufi A salio linakatwa, unaambiwa umepata pointi na uko karibu kabisa na ushindi, halafu linakuja swali la pili, jepesi kuliko la kwanza, nalo lina makato yake.

Waandaaji wakiulizwa kama hii si bahati nasibu inayoendeshwa bila leseni ya bahati nasibu, jibu lao halibadiliki: hili ni shindano la maarifa, ada ni ndogo, na hakuna aliyelazimishwa. Upande wa pili kuna walalamikaji, ambao kwa kawaida huchukuliwa kuwa ni watu wa dini wasiotaka burudani, au ni walioshindwa wanaotafuta wa kumlaumu. Naandika kwa sababu naona walalamikaji hawa hawajasikilizwa sawasawa. Hoja yao ya msingi ni ya kisheria, na mtu anaweza kuikubali bila kuwa na neno lolote dhidi ya kamari.

Sheria za nchi nyingi, kwa maneno yanayotofautiana, hutafuta mambo matatu: mshiriki ametoa kitu cha thamani, mshindi anapatikana kwa bahati, na kuna zawadi. Likikosekana moja, bahati nasibu haipo. Kwa kipimo hicho upigaji kura wa kulipia kwenye mashindano ya vipaji unapona, na ni haki upone. Anayetuma meseji kumpigia kura mwimbaji analipa, lakini yeye mwenyewe hasubiri zawadi. Mshindi ni mwimbaji, tena anapatikana kwa wingi wa kura. Mpiga kura anaweza kudhulumiwa, bila shaka. Katika tuzo za vichekesho za Uingereza, British Comedy Awards, za mwaka 2005, tuzo ya chaguo la watazamaji walikabidhiwa watangazaji Ant na Dec ilhali kura nyingi zilikuwa za mchekeshaji Catherine Tate. Huo ni udanganyifu, na dawa yake iko kwenye sheria za kumlinda mlaji. Ila waandaaji wakiongeza maneno haya tu, "kila anayepiga kura anaingia kwenye droo ya pikipiki", kura imekuwa tiketi na mambo matatu yametimia.

Kwa hiyo ugomvi wa kweli uko kwenye mashindano ya zawadi. Waandaaji wana ngao tatu, na si haki kuzipuuza.

Ngao ya kwanza ni swali. Wanasema panapohitajika maarifa, bahati imeondoka. Hoja hiyo ina uzito pale swali linapokuwa swali. Uingereza ilijaribu kuchora mpaka katika Sheria ya Kamari ya 2005, iliyoanza kutumika kikamilifu Septemba 2007: sharti la ujuzi halihesabiki mpaka liweze kuwazuia washiriki wengi kushinda, au kuwazuia watu wengi kushiriki tangu mwanzo. Swali ambalo mtoto wa darasa la pili analijibu akiwa anakula halizuii mtu. Wote wanapata, wote wanabaki kwenye kapu, na anayetoka anatolewa na droo. Sioni namna ya kuliita hilo shindano la maarifa kwa uaminifu.

Ngao ya pili ni njia ya bure. Wanasema huhitaji kulipa, kwani unaweza kushiriki kupitia tovuti bila kutozwa, kwa hiyo anayelipa amechagua mwenyewe. Sheria hiyo hiyo ya Uingereza inaikubali njia ya bure ikiwa imetangazwa vizuri na haimsumbui mshiriki kuliko ile ya kulipia. Ni sharti la busara, na kwetu lingewaweka waandaaji wengi mahali pagumu. Mtu mwenye simu ya kitochi, asiye na bando, anayesikiliza redio shambani au dukani, anaambiwa atume meseji sasa hivi. Njia ya bure iliyo kwenye tovuti, iliyotajwa mara moja kwa kasi mwishoni mwa tangazo, kwake haipo.

Ngao ya tatu ndiyo nzito: zawadi inatoka mfukoni mwetu au kwa wadhamini, haitoki kwenye meseji zenu, na tungeitoa hata kama angeshiriki mtu mmoja. Hoja hii imeshinda mahakamani. Nchini Marekani, kipindi cha televisheni cha Deal or No Deal kiliwaalika watazamaji kuchagua sanduku moja kati ya sita, kwa meseji ya senti 99 au bure kwa intaneti. Kesi ya Jimbo la Georgia ilifika Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, ambayo mwaka 2008 ilisema huo haukuwa mkataba wa kamari: waandaaji walikuwa wameahidi zawadi kwa vyovyote, hawakuwa wameweka dau dhidi ya mshiriki, na ada ya meseji haikuwa dau.

Mantiki hiyo ni nadhifu, lakini inamtazama mwandaaji peke yake. Inauliza yeye amehatarisha nini. Mahakama ya shirikisho ya Los Angeles, ilipopelekewa malalamiko ya aina hiyo hiyo kuhusu michezo ya meseji ya vipindi kadhaa, kikiwemo hicho na American Idol, ilikataa Novemba 2007 kuyatupilia mbali. Yenyewe ilimtazama aliyelipa. Senti zake 99 alinunua nini? Anayenunua soda na kukuta namba ya bahati chini ya kizibo amekunywa soda yake. Aliyetuma meseji hakupata kitu chenye thamani hiyo isipokuwa nafasi ya kushinda, na kuwapo kwa njia ya bure hakubadilishi kile ambacho yeye alilipia. Nadhani mahakama hii ndiyo iliyouliza swali linalostahili.

Na kesi inayonifanya nishikilie hivyo ni ya India. Mwaka 2007, msimu wa tatu wa kipindi cha maswali cha televisheni, Kaun Banega Crorepati, ulioongozwa na Shah Rukh Khan kwenye Star Plus, ulikuwa na shindano la watazamaji lililoitwa Har Seat Hot Seat, likiendeshwa pamoja na kampuni ya simu ya Airtel. Linaonyeshwa swali lenye majibu manne, mtazamaji anatuma jibu kwa rupia 2.40, waliopata wanaingia kwenye droo, na kila kipindi anatoka mshindi mmoja wa rupia laki mbili. Chama cha kutetea walaji kikalalamika. Kwa takwimu zilizotajwa katika shauri hilo, ziliingia meseji milioni 58, yaani takriban rupia milioni 139, na zawadi za vipindi 52 zilikuwa rupia milioni 10.4.

Tuzipige hesabu taratibu. Kwa wastani ni meseji zaidi ya milioni moja kwa kila kipindi, na mshindi mmoja. Katika kila rupia 2.40 iliyokatwa, kilichorudi kwa washiriki kama zawadi ni kama paisa 18 (rupia moja ni paisa 100). Ukizigawa fedha zote zilizokusanywa, zawadi haikufika hata asilimia 8. Bahati nasibu ya taifa ya Uingereza, yenye leseni na inayokaguliwa, hurudisha kama nusu ya mauzo yake kwa washindi, na sehemu nyingine inakwenda kwenye shughuli za jamii. Kwa hiyo mchezo uliokataa kuitwa bahati nasibu ulikuwa mkali kwa mchezaji kuliko bahati nasibu yenyewe, tena bila mzigo hata mmoja wa bahati nasibu. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi nikitafuta pa kuilegeza. Unaweza kutoa gharama za mtandao, kwa kuwa kutuma meseji kokote kuna gharama. Unaweza kusema mtazamaji amepata burudani. Lakini kipindi alikuwa anakitazama hata asipotuma, na hata ukiondoa nusu nzima ya mapato kuwa gharama za mtandao, zawadi haifiki sehemu moja ya sita ya kinachobaki.

Septemba 2008 Tume ya Taifa ya Walaji ya India iliamua kuwa ile ilikuwa biashara isiyo ya haki na ikazitoza kampuni hizo fidia ya adhabu ya rupia milioni 10. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliufuta uamuzi huo, kwa kuwa mlalamikaji hakuwa amethibitisha kwamba fedha za zawadi zilitoka kwenye meseji. Kisheria sina ugomvi nao: anayedai ndiye anayethibitisha. Ila tuone walichoachiwa wananchi. Vitabu vya hesabu viko kabatini kwa kampuni, na raia anatakiwa aonyeshe shilingi ipi ilitoka mfuko upi. Tukiendelea kuuliza zawadi imetoka wapi, mwandaaji atashinda daima, maana mdhamini mmoja mwenye cheki anatosha. Tukiuliza aliyelipa alipata nini, jibu liko wazi kwa kila mtu.

Waandaaji wa Kenya wana hoja ya ziada iliyo ya nyumbani, na ni nzuri. Wanasema serikali yenyewe imetutofautisha. Sheria ya Fedha ya 2013 iliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bahati nasibu na asilimia 15 kwa mashindano ya zawadi yanayoingiwa kwa namba za simu zenye tozo ya juu. Bunge lisingetaja vitu viwili kwa majina mawili na viwango viwili kama lingeviona ni kitu kimoja. Ni kweli, na anayetaka kumfunga mwandaaji wa wakati huo ana kazi ngumu. Lakini mimi viwango hivyo vinaniambia jambo jingine. Mtunga sheria aliliona shindano la meseji kuwa chanzo cha fedha kinachobeba ushuru mara tatu ya bahati nasibu. Kisha mwaka 2018 kila aina ya mchezo wa kubahatisha, shindano la zawadi likiwemo, ilitozwa asilimia 35 kabla viwango havijateremshwa. Kwenye kodi tumekubali haraka kwamba ni jamii moja. Kwenye kumlinda mchezaji ndiko tunakoanza kutafuta tofauti.

Hapo ndipo neno "haramu", linalotumiwa kwa bahati nasibu isiyo na leseni, linapotuchanganya. Kuliita shindano bahati nasibu si kulipiga marufuku. Bahati nasibu ni biashara halali kwa mwenye leseni yake, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania hutoa leseni za bahati nasibu ya meseji kwa jina hilo hilo, bila kujificha nyuma ya swali la mji mkuu. Anayesema mtu mzima ana haki ya kutumia fedha zake atakavyo amesema kweli, na leseni haimnyang'anyi haki hiyo. Inachofanya ni kumtaka mwandaaji asimamiwe droo yake, awazuie watoto, na aweke hesabu zinazoonekana. Uingereza ilijifunza gharama ya kuyakosa hayo. Septemba 2007 kituo cha televisheni cha GMTV kilitozwa faini ya pauni milioni 2, baada ya kubainika kwamba katika mashindano yake ya kupiga simu washindi watarajiwa walikuwa wakichaguliwa kabla laini hazijafungwa, huku watu wakiendelea kupiga na kukatwa. Hao hata ile nafasi ndogo waliyolipia hawakuipata.

Kenya sasa ina sheria mpya ya kudhibiti kamari, iliyotiwa saini na Rais Ruto Agosti 2025, na mamlaka mpya ya kuisimamia. Kanuni zake ndizo mahali pa kumaliza jambo hili, na kifungu kinachohitajika ni kifupi: shindano lolote ambalo washiriki wengi wa kulipia wanaweza kujibu swali lake, na mshindi anatolewa kwa droo, lihesabiwe kuwa bahati nasibu, mwandaaji awe na mdhamini au asiwe naye. Na baada ya kila droo, mwandaaji atangaze redio ile ile, kwa sauti ya kasi ile ile aliyoitumia kuwaita watu, ziliingia meseji ngapi, zilikusanywa shilingi ngapi, na zawadi ilikuwa ya shilingi ngapi.