Madalali Wamejaa Langoni

Marehemu baba aliandika ukutani kwa rangi nyekundu, herufi za kimo cha mtoto: NYUMBA HII, na chini yake, HAIUZWI. Enzi hizo matapeli walikuwa wakiuza mashamba ya watu mchana kweupe hapa Nakuru. Lakini kesi yetu nao ilishaisha, na mimi nimechoka kuwaelekeza wageni kwa tangazo. Nikaamua kuuvisha ukuta mbao.

Saipresi ilitoka Elburgon. Ukataji miti kwenye misitu ya serikali ulipigwa marufuku 2018, ukaruhusiwa tena 2023, na fundi wangu nadhani alikuwa na haraka ya kufidia miaka yote hiyo.

"Hizi zimekauka kabisa, bosi."

Akapiga msumari, maji yakamrukia jichoni. Akajifuta.

"Huo ni umande."

Saa nane mchana.

Mbao mbichi ikikauka, urefu haubadiliki sana. Upana ndio hupungua. Hupangwa kivulini wiki kadhaa, vijiti katikati zipate hewa, ndipo zigongwe. Zetu zilikaukia ukutani kwa jua la Januari. Zikaachana, zikajikunja, nyingine zikang'oka na misumari yake. NYUMBA HII ikajitokeza kwa vipande. Chini, palipo na kivuli cha mlimau wa mama, mbao hazikusogea, kwa hiyo HAI ilibaki imefichwa. I ya mwisho nayo ilikuwa nyuma ya bomba la mvua. Kilichoonekana ni UZW. Dalali hahitaji zaidi ya hapo.

"Shosho, mnauza ngapi?" aliuliza wa kwanza.

"Imeandikwa haiuzwi."

"Wapi, shosho?"

Mama akamwonyesha mlimau. Jamaa aliutazama kwa heshima, akaacha namba ya simu.

Wakaja wengine, mmoja na futi ya kupimia, akapima hadi banda la kuku. Nikamwita fundi azibe nyufa. Tulimkuta mama langoni kwenye kiti, daftari mapajani. Mnajua dalali wa nyumba anavyokutoza ada ya kuangalia hata kabla hujaona choo? Sasa alikuwa anawatoza wao.

"Nje mia tano," alimwambia mmoja aliyekuja na mnunuzi kutoka Nairobi. "Ndani, elfu moja."

Wakalipa. Mama akamgeukia fundi.

"Na wewe toa hiyo ngazi, unawaziba wateja."