Kuanzishiwa uchungu wakati mlango wa kizazi haujaiva

Mimba ikipitiliza, wazee wengi Uganda husema mtoto huja akiwa tayari. Wengine papo hapo humkorogea mjamzito mitishamba ya kuleta uchungu. Daktari naye anasema wiki 41 zikitimia tusingoje. Basi kuharakisha si jambo la hospitali peke yake, ila mitishamba haina kipimo, na ikiufanya mfuko wa uzazi ubane kupita kiasi hakuna wa kuizuia.

Kwa miezi mingi mlango wa kizazi huwa mrefu, umefungwa, mgumu kama ncha ya pua. Mwishoni nyuzi zake za kolajeni, protini inayoushika imara, hulegea, maji huongezeka ndani yake, na prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, huulainisha. Unafupika, unasogea mbele, kisha unafunguka hadi sentimita 10. Mkunga hupima kwa vidole na kutoa alama za Bishop, za kuonyesha mlango umeiva kiasi gani, zinazotumika tangu 1964. Zikiwa 6 au chini, mlango haujaiva, na kukimbilia dripu ya oksitosini, dawa ya kuleta uchungu, ni kumtesa mama: tumbo linabana, njia haifunguki.

Kwanza uivishwe, kwa puto la katheta ya Foley, mpira mwembamba unaopitishwa kwenye mlango na kujazwa maji, au kwa misoprostoli, dawa ya vidonge. Utafiti wa India wa 2017, kwa akina mama wenye presha, uliipa misoprostoli ushindi: 57 kwa 100 walijifungua kwa njia ya kawaida ndani ya saa 24, dhidi ya 47 wa puto. Lakini dozi ya kumeza ni mikrogramu 25 kila saa mbili, na kidonge kilichozoeleka kina 200. Kukikata vipande vinane kwa wembe ni kubahatisha. Tena puto huchomolewa. Kidonge kikimezwa kimemezwa. Wodi yenye mkunga mmoja na akina mama kumi, mimi ningechagua puto, lichelewe litakavyo. Aliyewahi kujifungua kwa upasuaji asipewe misoprostoli kabisa.

Wanaotetea kuanzisha mapema hutaja utafiti wa Marekani wa 2018: kati ya walioanzishiwa wiki ya 39, asilimia 18.6 walijifungua kwa upasuaji, na kati ya waliosubiri, 22.2. Sawa, lakini wale tarehe zao zilijulikana. Aliyepimwa ultrasaundi mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minane anaweza kukosewa wiki tatu. "41" yake huenda ni 38. Kwa kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha ya mimba, hakuna mjadala, asisubirishwe.

Kituo cha afya daraja la tatu hakina chumba cha upasuaji. Mkunga wa pale anayekataa kuanzisha uchungu na kuandika rufaa hajamnyima mama huduma, hata kama hospitali ni mbali na nauli ni ya kukopa.