Boliti za Bodaboda Kwenye Injini ya Inchi

Kinachoniudhi zaidi katika kuifufua BSA, pikipiki ya zamani ya Kiingereza, hapa nyumbani Malindi si kutu iletwayo na upepo wa bahari, bali ni mazoea ya mafundi kulazimisha boliti za bodaboda mahali pasipo pake. Boliti yake ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, nayo ya bodaboda ni milimita 8, kwa hiyo machoni ni pacha. Lakini hesi (meno ya mzunguko ya boliti) za Whitworth, alizozipendekeza Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841, zina pembe ya nyuzi 55, na za milimita zina nyuzi 60, tena nafasi kati ya jino na jino hazilingani. Boliti ngeni huingia mizunguko michache, hukwama, na fundi akiongeza nguvu, boliti hutoka na vipande vya aluminiamu ving'aavyo kwenye meno yake. Kisha tundu hupakwa gundi, kazi ikaitwa imekwisha. Nikishafunga supachaja, inayoisukumia injini hewa kwa shinikizo, nani ataishikilia silinda iliyofungwa hapo? Muuza spea naye hunijibu, "Itaingia tu, bwana." Haiingii! Kama ya saizi yake haipo, ndugu zangu, liacheni tundu wazi nikaitafute Mombasa.