Mifupa ya Tendaguru haina vinasaba

Walimu vijana wa Baiolojia huku Kusini mwa Tanzania wana hoja wanayoirudia, na si hoja ya kupuuzwa. Wanasema yale makundi matano ya wanyama wenye uti wa mgongo tunayowakaririsha watoto, yaani samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia, yamepitwa na wakati. Yaliwekwa na watu waliotazama magamba, manyoya na hesabu ya miguu. Leo vinasaba (DNA) vinasoma ukoo wenyewe. Ya nini kuendelea kumpanga mnyama kwa sura yake?

Mifano wanayo. Silikanti, ambaye wavuvi wa Kilwa walimtoa baharini mwaka 2003, ana magamba, mapezi na matamvua. Kwa macho ni samaki, basi. Kiukoo, hata hivyo, yuko karibu zaidi na wewe unayesoma hapa kuliko na changu. Mamba naye tunamweka kundi moja na mjusi, ilhali jamaa yake wa karibu kati ya wanyama walio hai ni ndege. Maana yake ni kwamba “samaki” na “reptilia” si koo kamili. Ni majina ya waliobaki baada ya ndugu zao wengine kuhamishiwa kwingine.

Upo mfano mzito kuliko hiyo ambao hawautaji mara nyingi, basi niwasaidie. Sange, yule mnyama mdogo wa vichakani mwenye pua ndefu inayochezacheza, kwa miaka mingi aliwekwa pamoja na wala wadudu wengine wadogo kwa sababu anafanana nao na anakula kama wao. Vinasaba vikaja kusema kwamba ukoo wake ni tembo, pimbi, nguva na muhanga. Kundi hilo lilipewa jina la Afrotheria mwaka 1998. Hakuna mtu ambaye angemtazama sange na tembo wakiwa wamesimama pamoja akafikia uamuzi huo. Hapa umbo lilishindwa, na kulitetea ni ubishi mtupu.

Ninapoachana na walimu wangu ni pale wanapotoka kwenye mifano hii na kuhukumu kwamba umbo ni elimu ya zamani na vinasaba ndiyo sayansi. Wanachosahau ni nani aliyerekebisha nini.

Mtazame nyangumi, ambaye katikati ya mwaka hupita na ndama wake mbele ya Msimbati na Mikindani, pwani ya Mtwara. Linnaeus, msomi wa Sweden aliyeweka mfumo wa kuwapanga viumbe, katika toleo la kwanza la kitabu chake la mwaka 1735, alimpanga na samaki. Mwaka 1758 akamhamishia kwa mamalia. Alimhamisha kwa kutazama mapafu, moyo wenye vyumba vinne, damu ya moto na chuchu zinazonyonyesha. Vinasaba vilikuwa havijajulikana. Umbo la nje lilidanganya, umbo la ndani likasahihisha. Hata mamba tuliyemtaja ana moyo wa vyumba vinne kama wa ndege, na mjusi hana. Mwili ulikuwa unatuambia siku zote, ila sisi tuliishia kwenye magamba. Na tembo, pimbi na nguva walikwisha kuwekwa pamoja kwa vigezo vya maumbile mwaka 1945, zaidi ya nusu karne kabla ya jina la Afrotheria.

Lakini hoja inayonifanya niandike iko chini ya udongo wa Lindi.

Tendaguru ni kilima kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, umbali wa kilomita 60 hivi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona huko mfupa mkubwa umechomoza ardhini. Kati ya 1909 na 1913 vibarua kwa mamia walichimba chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na mizigo ikabebwa kichwani hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 za visukuku na udongo wake zilisafirishwa hadi Berlin. Mifupa hiyo ni ya dinosaria na wenzao, na ina umri wa miaka milioni 150 hivi.

Sasa weka namba mbili pamoja. Vinasaba vikongwe kuliko vyote vilivyowahi kusomwa vina umri wa miaka milioni 2 hivi, navyo vimetoka Greenland, kwenye ardhi iliyoganda kwa barafu. Mifupa ya Tendaguru ni mikongwe mara 75 ya hapo, na imelala kwenye nchi ya joto, mvua na mchwa. Haina kinasaba hata kimoja na haitakuja kuwa nacho. Kila tunachokijua kuhusu wanyama wale, nani ndugu ya nani, nani alikula majani ya juu na nani ya chini, kimetoka kwenye umbo la mfupa. Ukifuta elimu ya kupanga kwa umbo, umeifuta Tendaguru yote. Zitabaki tani za mawe na picha ya mifupa iliyosimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu.

Na umbo hilo limefanya kazi yake kwa uangalifu kuliko tunavyolisifu. Mwaka 1914 Werner Janensch, mtaalamu wa visukuku wa Berlin, alimpa dinosaria yule mkubwa jina la Brachiosaurus brancai, kwa kuona anafanana na Brachiosaurus aliyepatikana Colorado, Marekani, mwaka 1900. Miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, shingo ndefu, kimo cha kutisha: angefanya nini kingine? Mwaka 1988 mtafiti wa dinosaria Gregory Paul akasema hapana, hawa hawafanani kiasi hicho, na jina la Giraffatitan likazaliwa. Wengi hawakujali. Mwaka 2009 mtafiti mwingine, Michael Taylor, akawaweka wawili hao mfupa kwa mfupa, pingili za mgongo na za mkia, bega, mkono, nyonga, paja, akaorodhesha tofauti 26.

Hiyo 26 ndiyo ninayoipenda. Si tofauti moja ambayo mtu angeweza kusema ni ya umri au ya jinsia, wala si mbili za kubahatisha. Ni 26, kwenye mifupa ambayo wanyama wote wawili wanayo, na kila moja unaweza kwenda kuipima tena mwenyewe ukibisha. Uamuzi wa 1914 ulifanywa kwa umbo, ukadumu miaka 95, na ukatenguliwa kwa umbo. Mnyama wa Lindi akapata jina lake mwenyewe bila tone la damu kuingia maabara. Wataalamu wengi leo wanamwita Giraffatitan, ingawa huku kwetu bado utasikia Brachiosaurus. Boheti mwenyewe alikumbukwa mwaka 2007, katika jina la mnyama mwingine wa kilima hichohicho, Australodocus bohetii.

Wapinzani watanijibu kwa nyonga, na wana haki. Tangu mtaalamu wa visukuku Harry Seeley, mwaka 1887, dinosaria wamegawanywa mafungu mawili kwa nyonga: wenye nyonga kama ya mjusi, kama Giraffatitan, na wenye nyonga kama ya ndege, kama Kentrosaurus, yule mwenye miiba mgongoni ambaye naye ni wa Tendaguru. Kichekesho ni kwamba ndege wametokana na fungu la nyonga ya mjusi. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Uingereza walipendekeza mafungu hayo yapangwe upya, wakitumia sifa 457 za mifupa, na ubishi haujaisha. Kwa hiyo ndiyo, umbo huacha mabishano ambayo vinasaba, kama vingekuwepo, pengine vingeyamaliza mapema. Ila waliogundua kwamba nyonga inapotosha waligundua kwa kutazama mifupa mingine. Tatizo la nyonga lilikuwa kutegemea sifa moja.

Kwa wanyama walio hai mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu njia zote mbili zipo. Kule Rondo, Lindi, kuna komba mdogo wa gramu 60 hivi, mkia wake umetanuka kama brashi ya kuoshea chupa. Alitambuliwa kuwa spishi ya pekee miaka ya 1990, kwa mlio wake wa usiku na maumbile ya dume. Mwaka 2017 yeye na jamaa zake walihamishiwa jenasi nyingine, na safari hii vinasaba vilikuwa na sauti kubwa. Sioni ugomvi hapo. Aliyesikiliza msituni ndiye aliyejua kuna mnyama wa kupelekwa maabara.

Halafu kuna jambo ambalo mjadala wa wasomi hulipita haraka. Mvuvi wa Msangamkuu anapovuta wavu wenye bunju, anayeokoa maisha ya familia yake ni jicho: meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, ngozi isiyo na magamba ya kawaida, tumbo linalovimba. Sumu ya bunju haisubiri majibu ya maabara. Na silikanti wa kwanza kujulikana na sayansi, mwaka 1938 Afrika Kusini, alitambuliwaje? Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho, alichora samaki aliyemkuta kwa wavuvi, akamtumia mtaalamu wa samaki J. L. B. Smith mchoro kwa barua. Smith aliona mapezi na mkia kwenye karatasi akajua ni wa kundi lililodhaniwa limetoweka miaka milioni 66 iliyopita. Matumbo ya samaki huyo yalikuwa yamekwisha tupwa.

Ningebadilisha nini kwenye somo, basi? Makundi matano yabaki, na mtoto aambiwe mapema kwamba mawili kati yake si koo kamili. Kisha apunguziwe orodha za kukariri na aongezewe kisu. Sokoni Mtwara papa na kibua hulala meza moja: apasue wote wawili aone nani ana mfupa na nani ana gegedu, kisha aletewe pweza atafute uti wa mgongo aukose. Habari ya sange na tembo ije baada ya hapo, akiwa tayari amejua kwa mkono wake kuwa ngozi ya nje haisemi yote.