London mistari inaletwa mahakamani, Dar inapelekwa Basata

Kijana akichomwa kisu huku kusini mwa London, makundi yetu ya WhatsApp ya Watanzania yana utaratibu wake. Kwanza zinamiminika pole kwa mama wa marehemu. Halafu mtu anauliza kama ni mtoto wa kwetu au wa watu wengine. Kisha, kabla polisi hawajatoa hata jina, mzee mmoja anatupia video ya vijana waliofunika nyuso wakichana mbele ya kamera na kuandika chini yake: haya ndiyo wanayosikiliza watoto wetu. Mjadala unaishia hapo. Muziki umeshatiwa hatiani, tunarudi kwenye matangazo ya viwanja vya Kigamboni.

Mimi ni dereva wa basi. Shule zikitoka alasiri nawabeba hao hao wanaosemwa. Wakishapanda ghorofa ya juu simu zinafunguliwa sauti na rap ya drili inaanza. Siipendi kabisa kelele ile, na si kwa sababu ya maadili, ni kelele tu, tena mwisho wa zamu. Lakini kama mistari ile ingekuwa na nguvu tunayoipa, basi langu lisingekuwa linafika mwisho wa njia. Wanashuka, mmoja mmoja ananishukuru, wengine wananipita kama sipo, wanakwenda kula na kulala.

Kwa mlioko nyumbani: drili ni tawi la hip hop lililotokea Chicago na kuota mizizi Brixton, si mbali na ninapoishi, kuanzia mwaka 2012 hivi. Mdundo mzito, nyuso zimefunikwa, mistari ya mitaa, visu, dawa na polisi. Sitaisafisha. Zipo nyimbo zinazomtaja kijana aliyekufa na kumcheka, na mama yake yuko hai na ana simu kama sisi. Zipo zinazohesabu kundi gani limemjeruhi nani, kama matokeo ya Simba na Yanga. Zinachochea visasi, na anayekataa hilo hajawahi kukaa na vijana hawa. Sebuleni kwangu hazipigwi. Ila anayemcheka maiti kwenye wimbo, maiti huyo alishakuwepo. Ugomvi ulitangulia, damu ikamwagika, wimbo ukaja nyuma.

Tazameni miaka. Mwaka 2008 waliuawa London vijana 29 ambao hawajafika miaka ishirini. Drili ilikuwa haijafika hapa. Idadi ikashuka, ikapanda tena, hadi mwaka 2021 wakawa 30, wengi kuliko mwaka wowote uliorekodiwa, na wenye kuulaumu muziki wakasema si mnaona. Mwaka 2024 wakawa 10. Je, drili ilikuwa imekufa? Central Cee, kijana wa Shepherd's Bush, alikuwa anasikilizwa hadi Marekani. Na hao Wamarekani walishapita njia hii zamani: mwaka 1991 waliuawa watu zaidi ya 24,000 nchi nzima, mwaka 2000 wakawa kama 15,500, na katika miaka hiyo hiyo hip hop ilitoka vichochoroni ikatawala redio zote. Anayetaka kunionyesha kwamba wimbo unaua anieleze kwanza hesabu hizi.

Halafu kuna Glasgow, mji ambao Watanzania wa London hatuuzungumzii kwa sababu hatuna shangazi kule. Miaka ya mwanzo ya 2000 ulikuwa unaitwa mji wa mauaji wa Ulaya. Magenge yake yalikuwa ya watoto wa kizungu kwa sehemu kubwa, wenye majina ya mitaa yaliyorithiwa kutoka kwa baba na babu, na wala hakukuwa na drili ya kulaumu. Mwaka 2005 polisi wa huko wakaanzisha kitengo cha kupunguza ukatili na kulichukulia jambo kama maradhi: unatafuta linaanzia wapi, nani yuko hatarini, unamfikia akiwa kitandani hospitali na jeraha bichi, wakati bado anaogopa. Vijana walioitwa mbele ya hakimu walisikilizishwa akina mama waliofiwa, wakapewa namba ya simu ya kuomba kazi na shule. Mauaji ya Scotland yakapungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka kumi. London ilikuja kuiga baadaye, kuanzia 2018.

Sasa hapa London mwaka huo huo wa 2018 walifanya nini kingine? Mkuu wa polisi wa jiji wakati huo, Cressida Dick, aliilaumu drili hadharani na kuitaka YouTube ifute video, na kama 30 zikafutwa. Mwezi mmoja baadaye mahakama ikawapa vijana watano wa kundi la 1011, kutoka magharibi mwa jiji, amri ya ajabu: wakitoa video mpya wawaarifu polisi ndani ya saa 24, wakitaka kutumbuiza watoe taarifa saa 48 kabla, na wasitaje vifo wala majeraha. Nisiwafiche, walikuwa wamekamatwa na mapanga, hawakuwa wanakwaya. Lakini panga lilikuwa na sheria yake tayari. Mwaka 2019 marapa wawili wa Brixton, Skengdo na AM, walihukumiwa kifungo cha miezi tisa kilichoahirishwa kwa kuimba wimbo jukwaani, kwa sababu amri ya mahakama iliwakataza. Na kati ya Juni 2021 na Mei 2022 polisi wa London walipeleka maombi 286 kwa kampuni za mitandao kuhusu muziki wa drili, na 255 yalikubaliwa. Mmoja wa wale wa 1011, Digga D, kazi yake ilishika namba moja kwenye chati ya albamu za Uingereza mwaka 2022. Dawa gani hiyo.

Kabla ya drili walikuwa na karatasi, Fomu 696, iliyoanza mwaka 2005. Mwenye ukumbi alitakiwa kueleza muziki gani utapigwa, na fomu za awali ziliuliza hadi rangi ya watakaokuja. Ilifutwa Novemba 2017. Mtu akiniambia kwamba tatizo ni mistari ya kikatili, namkumbusha karatasi ile. Haikuuliza maneno gani yataimbwa. Iliuliza nani atacheza.

Mahakamani ndiko kunakonitisha zaidi kama mzazi. Mwendesha mashtaka anaweka video mbele ya baraza la wazee wa mahakama, polisi aliyeitwa kama mtaalamu anawafafanulia misemo ya mtaani, na kijana ambaye labda alisimama nyuma akitikisa kichwa anahesabiwa kuwa wa genge. Marekani ni hivyo hivyo. Rapa Young Thug wa Atlanta alikamatwa Mei 2022, mistari yake ikaruhusiwa kuwa ushahidi, kesi ikaburuzwa hadi Oktoba 2024 alipokiri makosa na kuachiwa kwa masharti ya miaka 15. California angalau ilipitisha sheria mwaka 2022 inayomtaka jaji apime kwanza kabla mistari haijasomwa mbele ya baraza. Uingereza vipo vilio vya namna hiyo, sheria hakuna.

Mimi nimekulia Tandika, miaka ya tisini, na matusi ya kuimbwa nayajua tangu hapo. Watu walilipa kiingilio kusikia Khadija Kopa, mwimbaji wa taarab wa kundi la TOT, atamrudishia nini Nasma Khamis "Kidogo" wa kundi la Muungano, na Nasma naye akajibu, na ukumbi mzima ukajua kinachosemwa na anayesemwa. Wanawake wa mtaa walipeana zile nyimbo kwa madirisha wazi, redio imeelekezwa kwa jirani. Kulikuwa na mashabiki waliogombana, kulikuwa na ndoa zilizotikisika, lakini hatukuzika mtu kwa ajili ya mpasho. Drili ni mpasho uliotungwa na watoto wa miaka kumi na sita wenye visu mfukoni. Ondoa mpasho, kisu kinabaki mfukoni.

Kwa hiyo nyumbani ni bora? Hapo ndipo napotofautiana na wanaodhani Bongo ni salama kwa sababu tu hakuna drili. Kwetu mistari haiogopwi kwa sababu ya vijana wanaouana. Inaogopwa ikiwagusa wakubwa. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa wimbo ambao Basata, baraza la sanaa la taifa, iliufungia, kesho yake akaachiwa kwa kuwa Rais Magufuli aliupenda, na akapewa na ushauri wa mistari ya kuongeza. (Msanii gani mwingine duniani amepata mtunzi msaidizi wa cheo hicho?) Mwezi uliofuata Roma Mkatoliki alichukuliwa studio na watu wasiojulikana, akapatikana baada ya siku tatu. Sugu, aliyetoka kwenye kufoka hadi ubunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, alifungwa miezi mitano mwaka 2018 kwa maneno ya jukwaani dhidi ya rais, akatoka kabla ya muda. Profesa Jay naye alikuwa mbunge wa Mikumi. Nchi ile ile iliyowapeleka marapa bungeni.

Lakini Panya Road, magenge ya vijana wahalifu, walipoitia hofu Dar Januari 2015, na tena 2022, sikumbuki kumsikia kamanda hata mmoja akilaumu wimbo. Tulilaumu bangi, malezi, vigodoro, ukosefu wa ajira. Halafu polisi wakatangaza waliouawa, wananchi wakashangilia, na baadhi ya walionaswa mtaani wakachomwa moto kabla hata gari la polisi halijafika. Kijana wa London anasomewa mistari yake na wakili amekaa pembeni. Kijana wa Manzese hasomewi kitu. Nikilazimishwa kuchagua, nitachagua mahakama yenye upendeleo kuliko tairi na petroli, ila sioni kwa nini nichague kimojawapo.

Chanzo cha visu vya hapa kinafahamika na kinachosha kukisema. Tangu 2010 serikali ilipokata fedha za halmashauri, vituo vya vijana vimefungwa kwa wingi, vingine sasa ni nyumba za kuuza. Mtoto anafukuzwa shule, anapelekwa kwenye kituo maalumu anakokutana na wengine waliofukuzwa, na mawakala wa dawa wanajua geti la kituo hicho liko wapi. Wanamnunulia viatu, wanampa simu na kumtuma kwa treni miji ya mbali na kokeini na heroini mwilini. Akinyang'anywa mzigo, ana deni. Mwenye deni la watu wale anatembea na kisu hata kama anasikiliza injili. Polisi wanajua hayo yote, mawaziri wanajua, na kufuta video ni rahisi kuliko kufungua kituo.

Wazazi wenzangu wanaopanga kuwarudisha watoto shule za bweni Morogoro au Kilimanjaro, siwalaumu. Hofu ya mama anayesubiri mtoto saa tatu za usiku naijua, mama watoto wangu anayo. Nimewaona waliokwenda wakarudi na Kiswahili kizuri na adabu, na nimewaona waliorudi na hasira kwa sababu walidanganywa kwamba ni likizo tu. Mpelekeni kwa sababu ya shule yenyewe, mkamwambie ukweli. Msimpeleke kumkimbiza na nyimbo, maana ziko kwenye simu hata Rombo.

Na aliyebaki hapa anahitaji pa kukaa kuanzia saa tisa hadi saa moja usiku. Ukumbi tunaoukodi kwa harusi na maulidi hauna watu Jumatatu hadi Alhamisi, nimemuuliza mwenye ukumbi, bei ya siku za kazi ni chini ya nusu. Kipaza sauti na kompyuta ya kurekodia tunaweza kuchangia kama tunavyochangia misiba. Watachana, mengine hatutayapenda, mtu mzima atakuwepo mlangoni. Zamu ya Jumanne naweza kuishika mimi.