Muacheni Mtu Ale Pilau ya Harusi

Kila Januari Dar es Salaam hujaa watu waliojiapiza kubadilika. Alfajiri Daraja la Tanzanite linakuwa na wakimbiaji kila upande, jimu za Sinza na Mikocheni zinakosa nafasi, na kwenye makundi ya WhatsApp ya ofisini zinazunguka ratiba za wiki nzima zisizo na wali, zisizo na chapati, zisizo na tone la mafuta. Ikifika Pasaka wengi wameshaacha. Ukiwauliza kimetokea nini, utasikia habari ile ile: palikuwa na harusi, au sendofu ya mdogo wangu, au arobaini ya babu, nikala, nikaona nimeshaharibu, basi nikaendelea kula.

Mimi nasema pilau ya harusi haijaharibu kitu. Mtu anayejitahidi kula vizuri ana haki ya kuila, tena aile akiwa ametulia, na kesho yake asijilaumu. Kinachotuumiza watu wa mji huu kipo kwenye Jumanne na Jumatano, siku ambazo hakuna aliyetualika popote.

Tufanye hesabu, maana mambo haya yanahitaji hesabu. Kijiko cha chai cha sukari kina takriban gramu 4. Watu wengi ninaowafahamu hutia vijiko vitatu kwenye kikombe, na hunywa vikombe vitatu kwa siku: asubuhi kabla ya kutoka, saa nne kazini, na jioni wakirudi. Hizo ni gramu 36. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya namna hii isifike asilimia 10 ya nishati yote unayoipata kwa siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na linasema ikishuka chini ya asilimia 5, kama gramu 25, ni bora zaidi. Chai peke yake imeshapita gramu 25. Hatujaigusa soda ya mchana. Chupa ya kola ya mililita 350 ina gramu zinazokaribia 37, kwa hiyo chai na soda moja vimekufikisha kwenye gramu 73, na jioni ukiulizwa utasema kwa moyo safi kwamba leo hukula kitu cha anasa hata kimoja.

Sasa ichukue harusi. Tuseme umekula kweli kweli: pilau, kuku, ndizi nyama, kipande cha ndafu, keki, na vyote hivyo vimekuzidishia kalori 1,000 juu ya mahitaji yako ya siku ile. Tuseme pia wewe ni mtu wa watu na unaalikwa kila mwezi. Mwaka mzima sherehe zimekuongezea kalori 12,000. Ile sukari ya chai, gramu 36 kila siku, ni kalori 144 kwa siku, na kwa mwaka inapita 52,000. Ni zaidi ya mara nne ya harusi zote ulizohudhuria. Kwa uzito ni kilo 13 za sukari, zaidi ya nusu ya mfuko wa kilo 25, zimepita kwenye kikombe bila mtu yeyote kukuambia "leo umejiachia". Ongeza soda ya kila mchana na mfuko wenyewe unakwisha.

Ndiyo maana nasikitika nikimwona mtu anajinyima kipande cha nyama mbele ya bwana harusi, halafu Jumatatu anakunywa soda mbili kwenye foleni ya Ubungo kwa sababu kuna joto. Nguvu zake za kujizuia amezitumia mahali pasipostahili.

Na hali yetu haituruhusu kupoteza nguvu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, uliwakuta asilimia 26 wana shinikizo la juu la damu na asilimia 9 wana kisukari. Ni zaidi ya miaka kumi iliyopita. Siku hizi sijui familia mjini hapa isiyo na mtu anayemeza dawa za presha.

Kupunguza sukari ya kila siku kunawezekana, na tumeshaona. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua kubwa zilipovuruga viwanda na sukari ikaadimika, bei ilipanda hadi watu wakaanza kuihesabu kwa vijiko. Nyumbani kwetu tulishuka kutoka vitatu hadi kimoja na nusu kwa sababu ya bei tu, wala hakuna aliyekuwa anafikiria afya. Siku za kwanza kila mtu alinung'unika. Baada ya muda ulimi ukazoea, na sukari iliporudi madukani, chai ya zamani ilikuwa tamu kiasi cha kukera. Waliotia tangawizi na mchaichai ndio hawakuhisi pengo kabisa.

Kuna wanaoniambia kwamba ukimruhusu mtu harusi moja, umemfungulia mlango, bora akate kila kitu. Wanasema hivyo kwa nia njema, lakini binadamu hafanyi kazi namna hiyo. Mwaka 1975 watafiti wawili, C. Peter Herman na Deborah Mack, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa kike wa chuo kikuu nchini Marekani. Baadhi walipewa kwanza milkisheki, wengine hawakupewa, kisha wote wakaombwa waonje aiskrimu wale kiasi wanachotaka. Wale ambao kwa kawaida hawajinyimi chakula, wakishakunywa milkisheki walikula aiskrimu kidogo, maana walikuwa wameshiba. Wale wenye tabia ya kujinyima walifanya kinyume: baada ya milkisheki walikula aiskrimu nyingi zaidi. Katazo lilishavunjika, kwa hiyo hawakuona tena sababu ya kujizuia siku hiyo.

Huyo ndiye mtu wetu wa Pasaka. Pilau ya sahani moja haikumrudisha nyuma. Kilichomrudisha ni kuamini kwamba sahani hiyo imefuta kazi yote aliyoifanya tangu Januari. Angekuwa amejipa ruhusa tangu mwanzo, angekula, angeshiba, na asubuhi yake angerudi kwenye dona na mchicha kama kawaida.

Halafu kuna jambo ambalo ratiba za mtandaoni hazilijui kabisa: hapa kwetu chakula cha sherehe kina wenyewe. Nenda kwa shangazi Mbagala siku ya Idi. Amekesha anachambua mchele, amekuna nazi, biriani imepikwa tangu alfajiri. Umeamkia shikamoo, umeitikiwa marahaba, umekaa kwenye mkeka, na sinia linawekwa katikati. Ukianza kusema wewe siku hizi huli wanga baada ya saa nane, atakutazama usoni kwa wasiwasi: "Mwanangu, unaumwa?" Hataki kukuvurugia mpango wako. Anataka kujua umerudi nyumbani. Sioni lishe gani itakayofidia kumkatalia mama yule chakula alichokupikia kwa mikono yake mara moja kwa mwaka. Kula, msifie, muombe akufungie kidogo umpelekee jirani. Ndugu zetu wanaofunga Ramadhani wanalijua hili vizuri: kaimati na tambi za futari zina utamu wake kwa sababu zina siku zake na zina watu wa kula nao.

Kwa hiyo kipimo changu ni watu. Chakula kizito chenye watu na chenye sababu, nakila. Chakula kizito ninachokula peke yangu nimesimama, kwa sababu kipo tu au kwa sababu bosi kanikasirisha, nakiacha. Kipimo hiki kina ubora mmoja mkubwa: hakihitaji mizani wala programu ya simu.

Kwa sababu hiyo hiyo siipendi ile kanuni ya jimu ya kutenga siku moja ya wiki ya kujiachia. Nimewaona wanaoifuata. Ijumaa wameshaanza kuhesabu saa, Jumamosi wanakula chipsi asubuhi, baga mchana, na kreti ya vinywaji usiku, wakiwa hata hawana njaa, kwa kuwa kesho lango linafungwa. Siku sita za kujitesa zinamfundisha mtu kukitazama chakula cha kawaida kama adhabu. Ni makosa makubwa, maana chakula cha kawaida cha Dar es Salaam ni kizuri mno. Maharage ya nazi, kisamvu, matembele, mlenda, dagaa wa kukaushwa, kibua aliyechomwa, papai la kumalizia. Mama lishe wa mtaani kwako ana karibu vyote hivyo ifikapo saa saba mchana. Mwambie akupunguzie ugali akuongezee mboga. Mimi sijawahi kukataliwa. Kama mboga zake zinaogelea kwenye mafuta, mwambie pia, kwa heshima, kwa sababu kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120 na yeye mwenyewe angefurahi kuokoa mafuta kwa bei za sasa.

Chipsi mayai? Zipo kwenye ruhusa. Zege la Ijumaa usiku na marafiki, kachumbari nyingi, pilipili, maji badala ya soda. Angalia tu karai: mafuta yakiwa meusi na yanatoa moshi, hama kibanda. Mihogo ya Coco Jumapili jioni nayo sina ugomvi nayo. Ila chipsi za kila usiku kwa sababu umechelewa kutoka Kariakoo na hutaki kuwasha jiko hazimo humu. Hizo zimeshakuwa chakula chako, na zihesabiwe hivyo.

Lazima niseme pia nani asinisikilize. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipange sherehe zake kwa kusoma maoni yangu. Azungumze na wahudumu wa kliniki yake, wamwambie ale kiasi gani cha wali na wakati gani. Wapo wagonjwa wengi wanaohudhuria harusi na kula, lakini wanakula kwa maelekezo. Mwenye presha atazame chumvi, ambayo kwa mtu mzima inashauriwa ibaki chini ya gramu 5 kwa siku, yaani haifiki hata kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Hapo tena mkosaji mkubwa ni ile chumvi inayonyunyizwa juu ya sahani kila mchana kabla hata ya kuonja.

Na wapo ambao kwao "kidogo" ni kugumu kuliko "sitaki". Dada mmoja ninayefanya naye kazi aliacha soda moja kwa moja, kwa sababu akinywa moja leo, kesho atataka mbili. Namheshimu sana. Anajijua. Hata hivyo aliacha kitu kimoja alichokifahamu kwamba kinamshinda. Hakukata vyakula ishirini kwa mkupuo, na pilau anakula.

Nimalizie kwa kamati za harusi, maana nyinyi mna nguvu kuliko mshauri yeyote wa lishe mjini hapa. Mnakusanya michango kwa miezi, mnagombana kuhusu mapambo na mshereheshaji, na chakula mnakiachia mpishi. Nawaomba mambo matatu, na hakuna hata moja litakaloongeza gharama. Maji yawe mezani wageni wanapoketi, na soda zije baadaye kwa anayeziomba. Matunda na saladi viwekwe mwanzo wa meza ya chakula, mtu avipakue sahani ikiwa bado tupu, kuliko mwishoni ambako hakuna nafasi hata ya kipande cha tikiti. Na chakula kitoke mapema. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni, maharusi wanaingia saa tatu, sahani ya kwanza inapakuliwa saa tano usiku. Kufika hapo mgeni ameshakunywa soda tatu kwenye tumbo tupu, ana njaa ya kupitiliza, atapakua milima miwili na kwenda kulala nayo. Walisheni watu saa mbili, hata kama maharusi bado wako kwa mpiga picha.