Kabla ya kuinua nyusi, jua nani anazibeba

Kuna watu wanaokwenda kwa daktari wakilalamikia kope zilizolegea, kumbe mzigo unatoka juu zaidi, kwenye nyusi. Wapo pia wanaoomba wainuliwe nyusi ilhali nyusi zao hazijashuka hata kidogo. Upasuaji wa kuinua nyusi unawakosa wa kwanza na kuwapata wa pili, na kwa maoni yangu sababu ni moja: tumeutia kwenye kapu la urembo na uzee, kana kwamba mtu akifikisha umri fulani basi zamu yake imewadia. Umri hauniambii chochote. Ninachotaka kujua ni kazi gani paji la uso la mtu huyo linafanya kutwa nzima.

Paji la uso lina msuli mmoja tu wa kuinua nyusi. Ni mpana na mwembamba, nyuzi zake zinapanda kutoka kwenye nyusi kuelekea kwenye nywele. Misuli ya kushusha ni kadhaa: ile inayokunja uso katikati ya nyusi, ule wa shina la pua, na ule unaolizunguka jicho. Mmoja anavuta juu, kundi zima linavuta chini. Isitoshe, huo msuli wa kuinua haufiki mwisho wa unyusi kwa upande wa nje. Unaishia kabla, usawa wa panja. Ncha ya nje haina wa kuishika, ndiyo maana ngozi ikilegea huwa ya kwanza kushuka. Ngozi inajikusanya juu ya pembe ya jicho, na mtu anaonekana amechoka hata kama ametoka kulala usingizi mzuri.

Hapo ndipo paji linapoingia kazini. Ngozi ikianza kuziba sehemu ya juu ya upeo wa macho, mtu huinua nyusi bila kujijua, tangu anapoamka mpaka anapolala. Ile mikunjo ya mlalo tunayoisingizia uzee, kwa watu hawa ni alama ya kazi isiyo na mapumziko. Ikifika jioni wanasugua paji na kusema kichwa kizito. Wengine wanainua kidevu ili wasome.

Jaribu mwenyewe mbele ya kioo. Fumba macho, legeza uso wote, subiri kidogo, kisha weka kiganja juu ya paji kulizuia lisipande, halafu fumbua. Nyusi unazoziona sasa ndizo zako halisi. Zikiwa zimeteremka na ngozi imelalia kope, inua ncha ya nje kwa kidole taratibu. Kama kope linafunguka na jicho linapumua, tatizo ni nyusi. Kama umeinua na bado kuna ngozi iliyozidi, basi kope nalo lina lake. Na kama ukingo wenyewe wa kope, pale zinapoota nywele zake, umefunika mboni hata unyusi ukiwa juu, huo ni udhaifu wa msuli wa kope, na kuinua nyusi hakutausaidia kitu.

Dada yangu alipitia haya. Daktari wa kwanza alimtazama kutoka upande wa pili wa meza akaandika apunguzwe ngozi ya kope. Wa pili alimwambia afumbe macho, akangoja paji litulie, akaweka vidole gumba juu ya nyusi kuzizuia, akamwambia fumbua. Nilikuwa nimekaa pembeni, nikashtuka. Nyusi zilikuwa chini ya ukingo wa mfupa wa jicho. Sura niliyoizoea ilikuwa imeshikiliwa na paji muda wote. Yule wa kwanza angemkata kope, paji lingeona limetuliwa mzigo, lingelegea, na nyusi zingeshuka zaidi ya zilivyokuwa. Hilo linajulikana vizuri kwa madaktari wa fani hii. Ndiyo maana nasema bila haya: daktari ambaye hakulituliza paji lako kwa mkono hajakupima.

Jinsi ya kuinua zipo kadhaa, na kinachoamua ni kichwa cha mtu zaidi ya mitindo. Mwaka 1919 daktari Mfaransa Raymond Passot alieleza namna ya kukata vipande vidogo vya ngozi ili kuvuta paji. Baadaye ikaja ile ya kukata utosini kutoka sikio hadi sikio, inayovuta sana lakini inasogeza nywele nyuma na kuacha ganzi kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kutumia kamera nyembamba inayopita kwenye matundu madogo ndani ya nywele. Leo hiyo ndiyo wengi wanayoisikia. Mwenye paji refu tayari haimfai sana, kwa sababu nayo husogeza nywele nyuma kidogo. Yeye hukatwa pale nywele zinapoanzia. Mwenye kipara hana pa kuficha kovu, hivyo wakati mwingine hukatwa ndani ya mkunjo mzito wa paji. Na kwa ambaye ni ncha ya nje tu iliyoanguka, mkato mdogo wa panja unaweza kutosha.

Kuna kundi moja tunalisahau kila tunapozungumzia suala hili: waliopooza upande mmoja wa uso. Msuli wa paji upande huo umekufa, unyusi umelala juu ya jicho, na hakuna juhudi itakayouinua. Kwao daktari huweza kukata ngozi juu tu ya unyusi na kuupandisha moja kwa moja. Kovu linabaki mahali pa wazi, lakini mtu anarudi kuona na uso unakaribia kulingana. Kama ingekuwa juu yangu kupanga foleni, hawa wangekuwa mbele ya kila mtu. (Unyusi ukishuka ghafla upande mmoja, hasa pamoja na mdomo kwenda kombo, usifikirie urembo hata dakika moja. Huenda ni kiharusi. Kimbilia hospitali.)

Wanaume nao wana lao. Unyusi wa mwanamume kwa kawaida hukaa usawa wa ukingo wa mfupa, umenyooka. Wa mwanamke hukaa juu kidogo na kupinda kuelekea nje. Daktari asiyejali tofauti hiyo humrudisha mtu nyumbani na uso ambao mkewe anaushangaa. Na ile sura ya mtu aliyeshtuliwa, inayowatia watu hofu ya upasuaji huu, mara nyingi hutokana na kuinua mno nusu ya ndani, ile ambayo kwa wengi haikuhitaji kuguswa.

Vijana wanaotaka ncha za nyusi zipande ili macho yarefuke, siwakatazi. Ila tuitane kwa majina yetu. Tafuta picha yako ya zamani, uilinganishe na kioo. Kama nyusi zilikuwa hapo hapo tangu mwanzo, hakuna kilichoanguka, umezaliwa nazo. Unachoomba ni sura mpya, na unapotia sahihi, jua kuwa hicho ndicho unachokitilia sahihi. Kwa mtu kama huyo afadhali aanze na sindano ya botoksi: ikilegeza misuli inayoshusha, ncha hupanda milimita chache kwa miezi 3 au 4, kisha athari inaisha. Lakini sindano hiyo hiyo ikipigwa kwenye paji la mtu anayebeba nyusi zake kwa paji, nyusi zinaporomoka.

Wapo wasiofaa, au wanaopaswa kungoja. Mwenye macho makavu anahitaji tahadhari kubwa, na aliyewahi kupunguzwa ngozi ya kope pia, maana ukivuta juu ngozi ambayo haipo jicho halifungi likilala. Mvutaji wa sigara huchelewa kupona. Presha isiyodhibitiwa na dawa za kuzuia damu kuganda huongeza hatari ya kuvuja damu chini ya ngozi. Na dawa hizo haziachwi kienyeji, anayeziandika ndiye aamue. Mwenye makovu yanayovimba alitaje hilo mapema.

Baada ya upasuaji, uvimbe na weusi wa damu huteremka mpaka kwenye macho na mashavu, na hilo huwatisha watu bure. Wengi huweza kutoka nje bila kuulizwa maswali baada ya siku 10 hadi 14. Ganzi ya utosi hukaa wiki, wakati mwingine miezi, kisha huja mwasho unaokera mno mishipa ya fahamu ikiamka, na huwezi kuukuna sawasawa. Nywele karibu na mkato huweza kupukutika kwa muda. Hatari inayonisumbua zaidi ni kuumia kwa tawi la mshipa wa fahamu linalopita panjani kuelekea kwenye paji: likijeruhiwa, unyusi haupandi. Mara nyingi uwezo huo hurudi baada ya muda. Mara chache haurudi.

Kwa hiyo muulize daktari utakatwa wapi, kwa nini hapo, na mshipa huo anaukwepaje. Omba pia picha za wagonjwa wake wenye paji na nywele kama zako. Akikuonyesha za wiki chache baada ya upasuaji, mwombe za mwaka mmoja, kwa kuwa nyusi hupandishwa kwa makusudi juu kidogo ya zinapotakiwa, kisha hushuka na kutulia.